Kauli za Redio na Mambo Yalivyokuwa: Kumbukumbu Kutoka Ntalikwa

Wazee wetu walinena kwamba la mgambo likilia lina jambo. Msemo huu ulitungwa zamani, wakati ambapo aliyepiga mbiu alikuwa mtu anayejulikana, na aliyeisikia aliweza kumfuata mpigaji hata nyumbani kwake akamwuliza: jambo lenyewe li wapi? Katika nchi ya Unyanyembe, ambamo Ntalikwa imo, mbiu ya mtemi ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na uso. Hata misafara ya pwani, ilipokaribia Tabora baada ya safari ya miezi mitatu au zaidi, ililipua bunduki hewani kutangaza kuwasili kwake. Na watu walipotoka kutazama waliiona mizigo na wapagazi kwa macho yao. Tangazo na jambo lililotangazwa viliingia mjini siku moja.

Sisemi kwamba watu wa zamani hawakujigamba. Mwaka 1871 wafanyabiashara Waarabu wa Tabora walikutana katika baraza zao wakaazimia kumpiga Mtemi Mirambo, aliyekuwa ameifunga njia ya Ujiji. Henry Stanley alikuwapo, na ameandika jinsi walivyoamini kwamba kazi hiyo ingekwisha upesi. Mwanzoni mwa Agosti waliiteka boma moja ya Mirambo, wakapakia nyara na kurudi wakiimba. Njiani wakavamiwa, na kijana wao shujaa, Saud bin Said bin Majid, akauawa. Tarehe 22 Agosti Mirambo aliingia Tabora yenyewe, akamwua Khamis bin Abdallah na kuyachoma moto makazi mengi. Kati ya majigambo ya barazani na moshi wa Tabora palipita majuma machache tu, na waliojigamba ndio walioona moshi ule. Hilo ndilo ninalotaka msomaji alikumbuke tunapoendelea: aliyesema alikuwapo neno lake lilipopimwa.

Redio ilivunja kamba hiyo. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Ndivyo chombo chenyewe kilivyo. Msemaji yuko Dar es Salaam, msikilizaji yuko Ntalikwa, na katikati yao ni kilometa mia nane na zaidi za reli. Msikilizaji hana njia ya kuuliza, na msemaji hana njia ya kuona uso wa anayemsikiliza. Makala haya yanahusu kile kilichotokea katika nafasi hiyo iliyo wazi: jinsi kauli zilizosemwa hewani zilivyofika vijijini Tabora, zipi zilikuta mambo yalivyo, zipi zilipishana nayo, na kwa nini.

Redio ya Kiswahili katika nchi yetu ilianza kwa jina la kweli. Mwaka 1951 Serikali ya kikoloni ilianzisha kituo kidogo cha majaribio kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam, na kwa kuwa mtambo wake ulikuwa dhaifu, sauti yenyewe haikuvuka sana mipaka ya Dar es Salaam na vitongoji vyake. Jina lilidai kile kilichokuwapo tu. Baadaye mitambo ikaongezwa nguvu, jina likapanuka likawa Sauti ya Tanganyika, na mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Hapo jina lilitangulia mambo: ilikuwa sauti ya Tanganyika ambayo Watanganyika hawakuwa na neno ndani yake. Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana hapa Tabora wakafanya ule uamuzi wa busara wa kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, mkutano uliobadili mwelekeo wa nchi nzima. Na habari za uamuzi ule zilienezwa na wajumbe wenyewe, kwa treni, kwa baisikeli na kwa miguu. Redio haikuwa yao. Miaka 7 baadaye, mwaka 1965, shirika lilivunjwa na kuwa idara ya Serikali, likaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam.

Mwaka huohuo 1951, mwezi Januari, Serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango wa karanga. Ninautaja kwa sababu ulikuwa jirani yetu. Mpango ule ulioanza mwaka 1947 uliahidi kufyeka na kulima mamilioni ya ekari katika Kongwa, Nachingwea na Urambo, na Urambo ipo magharibi ya mji wa Tabora. Karanga hazikuja, kilichokuja ni hasara ya pauni kama milioni 36, matrekta yaliyokufa, na ardhi iliyokwisha kufyekwa ambayo ilibidi itafutiwe kazi nyingine. Kazi hiyo ikawa tumbaku. Nitairudia tumbaku baadaye, maana ndiyo iliyonifunza kuisikiliza redio kwa sikio la pili.

Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, redio ilipewa kazi kubwa ya kufundisha. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni zilizosikilizwa katika vikundi nchi nzima, na kila kampeni ilipewa jina ambalo lilikuwa pia kauli. Hebu mwalimu aziandike ubaoni wanafunzi wazitazame: Kupanga ni Kuchagua, mwaka 1969, Uchaguzi ni Wako, mwaka 1970, Wakati wa Furaha, mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka 10 ya Uhuru, Mtu ni Afya, mwaka 1973, Chakula ni Uhai, mwaka 1975, Misitu ni Mali, mwaka 1980. Kando ya hizo iko kauli ya Chama iliyotoka Iringa mwaka 1972, Siasa ni Kilimo, ambayo redio iliirudia kwa miaka mingi.

Mtunzi wa mashairi hawezi kuzipita kauli hizi bila kuzipima. Kupanga ni Kuchagua ina mizani 8, ni kipande kamili cha shairi. Chakula ni Uhai ina 7. Misitu ni Mali ina 6. Mtu ni Afya ina 5 tu, na ndiyo maana ilikaa hata katika kinywa cha mtoto anayejifunza kusema. Waliozitunga walikuwa na masikio mazuri. Lakini tazama tena, na uone lile neno dogo lililokaa katikati ya karibu zote: neno "ni". Kauli ya miaka ya mwanzo ya Uhuru ilikuwa Uhuru na Kazi. Ile "na" ilikuwa na unyenyekevu wake, kwani iliweka vitu viwili kando kwa kando na kumwachia msikilizaji kazi ya kuvipatanisha. "Ni" haina unyenyekevu huo. "Ni" husema kwamba jambo hili ndilo lile, na mazungumzo yamekwisha.

Basi neno hili lina sura mbili, na kila mzawa wa lugha hii anazijua bila kufundishwa. Tukisema "maji ni baridi" tunaeleza yaliyopo. Tukisema "mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe" tunaeleza yanayopasa kuwa, na hakuna anayetoka nje kuhesabu wageni ili aone kama kauli ni ya kweli. Kauli za redio zilitumia sura zote mbili kwa pamoja, na haikuwa rahisi kujua ni ipi inayosemwa. Mtu ni Afya: je, mtu ana afya, au mtu anapaswa kuitafuta? Misitu ni Mali: je, misitu ni mali ya kuuzwa leo, au mali ya kuwekwa akiba? Nadhani, na hili ni wazo langu ambalo msomaji anaweza kulikataa, kwamba historia ya kauli za redio yetu yote imo katika neno hilo. Pale redio ilipoifanya "ni" kuwa wito, kisha ikaonyesha hatua za kuchukua, mambo yalisogea. Pale ilipoifanya "ni" kuwa taarifa, kana kwamba jambo limekwisha kutendeka, watu walisikia, wakatazama pembeni yao, wakanyamaza.

Mtu ni Afya ndiyo mfano bora wa upande wa kwanza. Mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza. Walikaa chini ya mti au katika darasa, kiongozi wao aliyepewa mafunzo akafungua redio, wakasikiliza kipindi kuhusu malaria, au minyoo, au kuhara damu, au kichocho, au kifua kikuu, kisha wakasoma kijitabu kwa sauti ili asiyejua kusoma asikie, kisha wakajadiliana, na mwisho wakaamua watafanya nini kabla ya kipindi kinachofuata. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa na uzito. Kikundi kilitoka na majembe. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu nchini, nyasi zikafyekwa kuzunguka nyumba, madimbwi yakafukiwa. Kulikuwa na khanga na vitenge vilivyochapwa jina la kampeni, nami nakumbuka kuona kimoja kilichochakaa kikimbeba mdogo wangu mgongoni mwa mama.

Mimi nilikuwa mtoto mdogo mwaka ule, kwa hiyo ninayoyasema juu yake niliyasikia kwa wakubwa. Walisema kwamba si kila choo kilitumika. Vingine vilichimbwa kwa ajili ya mkaguzi: vilifunikwa vizuri, vilifagiwa, na wenye nyumba waliendelea kwenda porini kama walivyozoea, kwa sababu shimo jipya na safi lilionekana kama kitu cha wageni. Wazee walilisimulia jambo hili kwa kicheko. Hata hivyo mashimo yalikuwapo. Aliyetilia shaka aliweza kwenda kuchungulia. Kampeni ile ilikuwa imerudisha kidogo ile kamba ya zamani baina ya mbiu na mpigaji wake, maana msikilizaji mwenyewe ndiye aliyetakiwa kulitimiza neno, na jirani yake ndiye aliyekuwa shahidi.

Mambo yalikuwa mengine katika Operesheni Vijiji. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia. Hapa "ni" haikuwa wito wala taarifa; ilikuwa amri, na redio ikawa kinywa chake. Mwaka 1977 ilielezwa kwamba watu kama milioni 13 walikuwa wakiishi katika vijiji. Sina sababu ya kuikataa hesabu hiyo, kwani watu kweli walihama. Lakini vijiji vya ujamaa havikuwa sawa na watu waliosogezwa pamoja. Msikilizaji aliyeacha shamba lililorutubika na miembe iliyopandwa na babu yake, akapewa kiwanja kando ya barabara, alijua tofauti hiyo zaidi ya mtangazaji aliyesoma takwimu. Na inafaa kukumbuka kwamba Mwalimu Nyerere, katika kitabu chake cha mwaka 1977 cha kuangalia miaka 10 ya Azimio la Arusha, alikiri waziwazi kwamba Tanzania ilikuwa bado si nchi ya kijamaa wala ya kujitegemea. Mwenye kauli alisema "bado", wakati wengi waliomnukuu hewani walikuwa wakisema "ni". Walimu wanaofundisha kipindi kile wangefanya vema kuziweka kauli hizo mbili ubavuni mwa darasa moja.

Mwaka huohuo 1977 ndio niliandikishwa darasa la kwanza, mimi na watoto wa rika zote, maana Elimu ya Msingi kwa Wote ilikuwa imeanza. Tulikuwa wengi kuliko madawati, na wengi kuliko walimu. Redio ilisema kila mtoto yuko darasani, nayo ilisema kweli kwa kiasi kikubwa; haikusema kwamba wengine wetu darasa letu lilikuwa chini ya mwembe. Kuhusu watu wazima, mwaka 1967 zaidi ya nusu yao hawakujua kusoma na kuandika, yapata watu 67 katika kila 100; kufikia mwaka 1986 ilitangazwa kwamba waliobaki ni chini ya 10 katika 100. Ni hatua iliyosifiwa duniani, na ilistahili sifa. Lakini sensa ya mwaka 2002 ilipouliza nyumba kwa nyumba, iliwakuta watu wazima kama 3 katika kila 10 hawajui kusoma wala kuandika. Baadhi walikuwa wamefaulu mtihani mara moja wakasahau kwa kukosa kitu cha kusoma; vizazi vingine vilikua bila kuingia darasani shule zilipodhoofika. Idadi iliyotangazwa ilikuwa ya siku moja, lakini ilisemwa kana kwamba ni ya daima.

Nilipokuwa na umri wa miaka 10 vita vikaja, nasi watoto tukajifunza kwamba kuna redio inayosema uongo kwa makusudi. Tarehe 1 Novemba 1978 Redio Uganda ilitangaza kwamba eneo la Kagera limetwaliwa na kuwa sehemu ya Uganda, na Idi Amin akajisifu kwamba majeshi yake yalifanya kazi hiyo kwa dakika 25. Siku iliyofuata Mwalimu alihutubia Taifa. Ntalikwa ilikuwa na redio chache. Watu walijazana katika ua wa mwenye redio mpaka nje ya uzio, na zilipolia zile ngoma za Mzee Morris Nyunyusa za kutangulia taarifa ya habari, hata mbwa walinyamazishwa. Alisema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Wapo vijana wa vijiji vyetu walioondoka baada ya usiku ule, na wapo ambao hawakurudi. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa, na redio ileile iliyojisifu dakika 25 ikasomewa tangazo na Luteni Kanali David Oyite-Ojok kwamba utawala wa Amin umeanguka. Kauli ya Mwalimu ilipimwa kwa mizani ya damu, ikawa kweli, na heshima ya redio yetu haijawahi kuwa kubwa kama mwaka ule.

Ndiyo maana kilichofuata kilituuma. Baada ya vita wananchi waliombwa wafunge mikanda kwa miezi 18. Kila mtu wa umri wangu analijua neno hilo. Watu hawakulalamika, waliohesabu walihesabu kwa vidole na kwa kalenda za ukutani. Miezi 18 ikapita, na miezi 18 mingine ikapita. Sabuni, sukari, mafuta ya taa na nguo vilizidi kuadimika hadi katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1983, vita dhidi ya wahujumu uchumi vilipotangazwa, kuna waliotupa bidhaa porini na mitoni usiku kwa kuogopa kukamatwa nazo. Mwaka 1984 Serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na maduka yakaanza kupata rangi tena. Hakuna siku iliyotangazwa kwamba miezi 18 imekwisha. Ilisahauliwa hewani, mikanda yetu haikuisahau.

Katika miaka hiyo kuna jambo moja dogo ambalo sijaliona likiandikwa, nami nalitaja kwa ajili ya wanafunzi. Betri za redio zenyewe ziliadimika. Tulizianika juu ya bati au juu ya kichuguu ili jua lizirudishie uhai, tukazigonga, tukazikung'uta, tukazipa saa nzima ya mchana kwa dakika tano za usiku. Ikawa redio inatangaza kwamba hali ya uchumi inaendelea kutengemaa, na katikati ya sentensi sauti inazama polepole kama mtu anayeingia usingizini. Mjomba wangu, mkulima wa tumbaku, alikuwa akiitazama redio iliyonyamaza na kusema, "Haya, sasa imesema kweli." Huu ulikuwa mzaha wa Kinyamwezi, ambao hautaki jibu.

Sasa niirudie tumbaku. Kutoka Urambo kilimo chake kilienea katika vijiji vingi vya Tabora, na katika miaka ya 1970 Serikali ilikihimiza kwa nguvu kwa kuwa kilileta fedha za kigeni. Tumbaku yetu kubwa ni ya mvuke. Majani yake hukaushwa katika mabani, nyumba ndefu za udongo zenye tanuri, na tanuri hiyo hula kuni mchana na usiku kwa siku kadhaa, bani moja baada ya jingine, msimu mzima. Kuni ni miombo: mitundu, miyombo, na asiyejali huweka hata mninga. Ni miti hiyohiyo inayolisha nyuki wa Tabora, na asali ya Tabora ni ya zamani kuliko tumbaku. Wafuga nyuki wetu walikuwa na chama chao cha ushirika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mwaka 1980 ikaja Misitu ni Mali. Basi katika juma moja redio ileile ilitusomea mambo mawili. Jioni moja ilisifu mkoa wetu kwa tumbaku na kutaka msimu ujao uvuke lengo. Jioni nyingine ikatuambia tusikate miti. Mjomba alizisikiliza zote kwa adabu. Hakuwa mpinzani wa Serikali wala mvivu wa kuelewa. Alijua, pengine kuliko waandishi wa kauli zote mbili, kwamba misitu ni mali: aliiona mali hiyo ikiingia tanurini gogo kwa gogo na kutoka upande wa pili kama marobota ya tumbaku, ambayo yalimlipia ada ya mwanawe. Kauli haikumdanganya. Ilimwacha peke yake tu katikati ya "ni" mbili zinazogombana, bila kumwambia afuate ipi.

Nilimaliza shule ya sekondari, nikaajiriwa serikalini mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikapangiwa kazi katika ofisi moja ya wilaya ambayo sitaitaja jina. Miongoni mwa kazi zangu ilikuwa kukusanya takwimu za upandaji miti. Fomu ilikuwa na safu moja tu ya idadi, yenye kichwa: "Miti iliyopandwa." Sikuwa na gari wala posho ya kuzunguka vijijini. Nilichokuwa nacho ni daftari la bustani ya miche, lililoonyesha miche mingapi ya mikaratusi na mijohoro imegawiwa kwa kila kijiji. Nikainakili idadi hiyo katika safu ile. Mche uliotoka bustanini nikauita mti uliopandwa. Sikuona kuwa nimesema uongo. Nilikuwa nimebadilisha kitenzi kimoja tu. Taarifa ikapanda mkoani, na siku moja nikaisikia redioni kwa sauti nzuri ya mtangazaji: wilaya "imepanda" miti kadhaa wa kadhaa. Nilifurahi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza maandishi yangu kusomwa hewani, kwani mashairi yangu niliyokuwa nikiyatuma yalikuwa hayajasomwa.

Mwezi uliofuata nikaenda Ntalikwa kumwamkia mjomba. Nilimkuta amekaa chini ya mwembe mkuukuu, mmoja wa ile miembe ambayo watu wa Tabora husema ilimea kutokana na kokwa za wapagazi waliopita na misafara. Redio ilikuwa kando yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwipwa wangu. Karibu kivulini." Akanisogezea kigoda, akaniuliza habari za safari, za nyumbani na za kazi, kila moja kwa zamu yake. Kisha akasema, "Tumesikia miti yenu redioni. Tumefurahi sana. Sasa, mwipwa, iko upande gani? Maana huu mwembe ni mmoja, na sisi tu wengi. Tungependa na sisi tukaikalie kivuli."

Nikamweleza kuwa miti ile bado ni midogo. Akainuka bila kusema neno, akaniongoza nyuma ya bani lake. Pale ukutani ilikuwapo miche aliyogawiwa, bado imo katika vifuko vyake vya nailoni, imesimama kwa mstari kama wanafunzi, imekauka yote. Ilikuwa imeletwa mvua zilipokuwa zimekwisha. Alikuwa ameipokea kwa sababu aliyeileta alitaka dole gumba katika daftari, na dole gumba lake ndilo lililokuja kusomwa redioni likiitwa msitu.

Watangazaji wengi niliowafahamu walikuwa watu waadilifu, wenye Kiswahili ambacho sisi tuliiga. Uongo mwingi wa hewani haukuanzia katika kipaza sauti. Ulianzia katika safu moja ya fomu, mikononi mwa karani kama mimi, ambaye alipata kiambishi "-me-" mahali palipostahili "-ta-", na akakiacha kipite kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Baada ya mwaka 1993 sheria iliruhusu vituo vya watu binafsi, na leo hata Tabora ina vituo vyake. Kila kimoja kinajiita namba moja, jambo ambalo hata mtoto wa darasa la pili anaweza kulifanyia hesabu. Majigambo hayo ya biashara hayanisumbui sana, kwa sababu msikilizaji anaweza kugeuza kitufe. Yanayonisumbua ni yale yaliyosemwa kwa jina letu sote, wakati kitufe kilikuwa na mahali pamoja tu pa kukaa.

Niliporudi ofisini nilichukua rula na kalamu nyekundu, nikaigawa ile safu ya fomu mara tatu: miche iliyogawiwa, iliyopandwa, na iliyo hai baada ya mwaka mmoja. Nikaazima baisikeli, nikazunguka vijiji nilivyoweza kuvifikia, nikahesabu kwa kidole. Safu ya tatu ilikuwa fupi sana. Mkubwa wangu aliitazama kwa muda mrefu, akaweka sahihi yake, na taarifa ikapanda mkoani kama kawaida. Mjomba, ambaye nilikuwa nimempa habari, alinunua betri mpya akaisubiri jioni baada ya jioni, mpaka betri zikaanza kuzama. Taarifa ile haikusomwa.